Fundi umeme wa Ilala: hagusi gari mpaka lizime mbele yake

Naanza na bei, maana ndiyo mnayoulizana: ufundi elfu hamsini, ignaita (kifaa cha umeme kinachofanya plagi zipate cheche) ya mtumba kutoka mtaa wa Gerezani elfu sabini, na soda niliyomnunulia kwa hiari yangu. Gereji niliyotoka nilishaacha karibu laki nne, na gari lilikuwa bado linanizimikia katikati ya Barabara ya Mandela.

Gari lenyewe ni Corolla ya 1994, injini ya 5A, la kubebea vitenge vya dukani. Asubuhi linawaka kwa selfu moja. Ukifika foleni ya Buguruni, jua kali, kiyoyozi kinafanya kazi, linazima ghafla bila hata kukohoa. Ukipiga selfu injini inazunguka vizuri tu, lakini haiwaki. Kaa pembeni nusu saa ukitukanwa na makonda, jaribu tena, linawaka kana kwamba halijawahi kuumwa.

Gereji ya kwanza, jina nawahifadhia, walisema pampu ya mafuta. Wakafunga mpya, likazima. Wakasema plagi, wakasema filta, wakasema betri imechoka. Mwisho wakaleta kile kidude cha kusoma kompyuta ya gari, wakakosa pa kukichomeka, wakatangaza kompyuta imekufa. Gari la Japani la mwaka ule halina tundu hilo. Hata Marekani mfumo huo ulilazimishwa kwa magari ya kuanzia 1996. Hayo nimeelezwa Ilala, si kwao.

Huyu wa Ilala ni kijana mpole, haongei sana. Nilifika gari likiwa linanguruma vizuri, nikaanza kumsimulia. Akaniambia, "Shikamoo mama. Kwa sasa halina la kunionyesha, tusubiri lizime." Akaliweka juani, boneti chini, kiyoyozi juu, akarudi kwenye Noah ya mtu mwingine. Nilinuna, sikufichi. Mteja nimekuja na pesa yangu, fundi ananiachia gari linaunguza mafuta bure! Lilipozima, alikuja mbio. Hakutaka lipoe.

Kuanzia hapo nilimsogelea kabisa. Alichomoa waya mmoja wa plagi, akauvisha plagi ya mfukoni mwake, akailaza juu ya chuma cha injini na kuniambia nipige selfu. Hakuna cheche. Kwa hiyo moto haupo. Akahakikisha na mafuta: chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSTIC. Akaunganisha tundu la FP (la pampu ya mafuta) na la +B (la umeme) kwa kipande cha waya, akafungua swichi, akaniita kwenye mdomo wa tangi nisikilize. Pampu inavuma. Akabonyeza mpira wa mafuta kwa vidole akasema presha ipo.

Kisha akahamisha waya ule ule kwenye matundu ya TE1 na E1, ili kompyuta itaje hitilafu kwa kuwashawasha taa, akaniambia nitazame dashibodi. Taa ya injini ikawaka mara moja, ikatulia, ikawaka mara nne. Yaani hitilafu namba kumi na nne. Kwa Toyota za umri huu maana yake kompyuta inaamuru moto upigwe, lakini ignaita hairudishi jibu kwamba umepigwa, na jibu lisiporudi kompyuta inafunga na mafuta. Kumbe gari lilikuwa na la kusema siku zote, ila kumbukumbu hiyo inafutika ukichomoa betri, na kule nilikotoka kila kazi walianza kwa kuchomoa betri.

Hata hapo hakukimbilia kununua. Alipima koili, inayoongeza nguvu ya umeme wa plagi, kwa mita ingali moto, ikawa sawa. Akafuata waya za kutoka kwenye kompyuta, hazikuwa na mkato. Ndipo akafunga ignaita yake ya majaribio, injini bado haishikiki kwa joto. Selfu moja, likawaka. Ile yangu alinigeuzia nione mgongo wake: mafuta meupe ya kupitisha joto yamekauka yakawa unga. Iliyokuja kutoka Gerezani aliipaka upya kabla ya kukaza skrubu, akasema bila hayo hata mpya kabisa itaungua.

Kasoro zipo. Risiti hana, gerenti ni ya mdomo. Pa kukaa ni ringi ya Fuso iliyolazwa chini, na choo unaomba kwa mama ntilie wa jirani. Simu anapokea akijisikia. Ijumaa usimfuate mchana, anakwenda kuswali na harudi mapema. Na kama una haraka, huyu atakutesa, kwa sababu gari la kuzima kwa joto anataka alione likizima, hata kama ni siku nzima. Mimi nilifunga duka siku hiyo, na hasara hiyo naihesabu.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya risiti, kwani nilimwomba hata ya kuandika kwa mkono akacheka tu.

Pampu yangu ya zamani niliifuata kule gereji ya kwanza, maana inaonekana haikuwa na ubaya wowote. Wakaniambia walishaitupa. Nikauliza wapi, wakaanza kutazamana.