Semina ya afya ya akili ya watoto, mwalo wa Kibirizi: nzuri, ila kipaza sauti wakiondoe

Mimi naanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na wanangu wako shule ya msingi. Wahudumu wa afya walipotangaza semina hii ya wazazi, cha kwanza nilichowapongeza ni siku waliyochagua: mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, kwa hiyo hata akina baba walikuja. Semina nyingi za malezi huku huwa za akina mama watupu.

Muuguzi hakuanza na majina ya magonjwa. Aliuliza: nani ana mtoto aliyekwishaacha kukojoa kitandani, sasa kaanza tena? Nani wa kwake hulalamika tumbo kila asubuhi ya shule, homa hana, akipimwa malaria hakuna? Mikono ikanyooka. Ndipo akaeleza kwamba hofu na huzuni ya mtoto mara nyingi hujitokeza mwilini, au kwa ukali, au kwa kujitenga na wenzake, na fimbo humzidishia hofu ile ile. Bibi mmoja akasema mjukuu wake amechezewa na wachawi. Muuguzi hakumdharau hata kidogo: "Dua endelea nayo, bibi, na hospitali mlete pia." Kwa jibu hilo tu sikujutia jua lililotupiga.

Alisema pia kuwa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mmoja kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Nikawatazama watoto waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye chanja, nikajikuta nahesabu. Namba 116 ya msaada kwa mtoto, ambayo ni bure na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, nimeiandika ukutani kwangu.

Kilichoniudhi ni kipaza sauti. Wakati wa maswali mama mmoja alipewa aeleze habari za binti yake, na mwalo mzima ukasikia: wachuuzi, wabeba mizigo, hadi wanafunzi anaosoma nao. Kesho yake wakawa wanamzomea njiani. Mtoto wa miaka tisa! Wametoka kutuambia aibu ndiyo inayowafanya wazazi wafiche watoto, halafu wanamwanika mtoto wa mtu namna ile.

Wakirudi, nendeni, ila la mwanao muulize muuguzi pembeni. Na wao waombe ofisi ya mtaa. Kuna chumba cha nyuma chenye mlango unaofunga, na mchana hakina mtu.