Busta ya breki kwa Land Rover 109: tatu mezani, geji kwanza

Karibuni tena wadau. Mezani leo kuna busta tatu, yaani vidude vinavyousaidia mguu kusukuma breki, na nyuma yangu imesimama Land Rover 109 Series III, boneti juu, dramu zote nne. Swali tunaloulizwa na wanaofufua magari ya zamani hapa Mwanza ni lilelile: breki ngumu, mguu unachoka, nifunge busta ipi? Jibu linaanzia kwenye hiki kidude hapa, geji ya vakyumu, inayopima jinsi injini inavyonyonya hewa. Ukinunua busta kabla ya kuichomeka geji kwenye manifoldi, ile njia ya hewa kuingia kwenye injini, unacheza bahati nasibu.

Kwa nini? Busta haina nguvu yake yenyewe. Ndani mna diafram pana ya mpira. Mbele yake injini imenyonya hewa, na ukikanyaga pedeli, hewa ya nje inaingia nyuma yake. Hewa hiyo ya nje ndiyo inayokusaidia kusukuma. Sasa Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar. Injini nzima ya petroli ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kule pwani inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, ndicho kipimo cha vakyumu. Huku ileile inasoma 13 hadi 17. Siyo mbovu! Kuna watu wanafungua injini, wanabadilisha ringi, kisa kitabu kimeandika 18.

Tuweke kwenye kilo. Busta ya inchi 9 yenye diafram moja, ikipata inchi 18 za vakyumu, inatoa msukumo wa kilo 255 hivi. Ikipata 14, ambayo ndiyo hali yetu, unabaki na kilo 200. Hapo sijatoa kinacholiwa na springi na msuguano. Kwa hiyo busta inayosifiwa na mtu aliye Florida, usawa wa bahari, huku utaipokea ikiwa imepungua karibu robo.

Haya, ya kwanza. Hii ya kromu. Inapendeza, sikatai, na ukifungua boneti watu watapiga picha. Lakini kipenyo chake ni inchi 7 na diafram ni moja. Kwenye vakyumu ya 14 inatoa kilo 120 tu. Halafu imekuja na master silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya inchi 1⅛, ambayo kwa msukumo uleule inatoa mgandamizo pungufu kwa asilimia 21 ukilinganisha na ya inchi 1. Busta ndogo, silinda kubwa: pedeli inakuwa fupi na ngumu kama tofali, gari halisimami. Kama moyo umeshaipenda kromu, tafuta ya inchi 7 yenye diafram mbili, hiyo inafika kilo 240. Hii ya mezani mimi siifungi.

Ya pili ni busta ya kukaa mbali, inayoungwa katikati ya bomba la breki. Uzuri wake, hugusi pedeli wala ukuta wa injini, unaifunga hata kwenye fenda. Ubaya wake, moja inahudumia njia moja ya mafuta. Ukiwa na master silinda ya njia mbili, inasaidia mbele tu au nyuma tu, na ukitaka zote unanunua mbili. Usije ukaunganisha njia mbili kuwa moja ili itoshe. Bomba likipasuka popote, umepoteza tairi zote nne. Kutoa upepo ndani yake pia ni kazi, ifunge ikiwa imeinuka kidogo upande wa kutokea mafuta.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: busta ya Hilux iliyotumika, ikiwa pamoja na master silinda yake. Usukani wetu ni kulia na Hilux za Japani ni kulia, kwa hiyo inakaa upande wake. Ila usinunue kwa macho. Chomoa valvu ya upande mmoja, ile ya plastiki mpira unapoingia, ingiza waya wenye kitambaa. Ukitoka na oili au mafuta ya breki, iache dukani, diafram imeshalowa. Ikiwa kavu, omba kuichomeka kwenye gari inayounguruma, master silinda ikiwa imefungwa, kisha bana mpira. Ukisikia mluzi, iache.

Soma pia namba iliyochorwa ubavuni mwa master silinda: 7/8, 15/16 au 1. Hapa wengi wanakosea kwa sababu wamesikia silinda ndogo inatoa mgandamizo mkubwa. Ni kweli, lakini 109 ina wili silinda mbili, zile zinazosukuma shuu dhidi ya dramu, kwa kila tairi la mbele, zinakunywa mafuta mengi. Ukiweka 7/8 pedeli inafika sakafuni kabla shuu hazijabana sawasawa. Weka inchi 1. Ukiikosa, 15/16 inavumilika mradi shuu zote zimerekebishwa karibu na dramu. Mgandamizo utapanda asilimia 14 na mafuta yatapungua asilimia 12.

Gari lako limeshabadilishwa injini ya dizeli? Geji itasoma sifuri, na ndivyo inavyotakiwa, dizeli haina mlango wa kuzuia hewa kwenye manifoldi. Kwa Toyota 2L au 3L tafuta alteneta yenye pampu ya vakyumu nyuma. Bomba la oili linaloingia ni jembamba, la kurudi ni nene na lishuke moja kwa moja hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Likipinda, oili inajaa pampu na kuvuja kwenye alteneta. Wa pampu ya vakyumu ya umeme nao wasikilize: swichi iliyopangwa kuzima kwenye inchi 22 huku inaweza isizime kabisa, maana hewa yetu yote ni kama inchi 26. Pampu itazunguka hadi iungue. Ipange izime kwenye 18.

Kufunga. Pleti ya chuma ya milimita 6 kati ya busta na ukuta, na rodi ya pedeli iende moja kwa moja, isipinde zaidi ya nyuzi 5. Breki zisizo na busta hutumia uwiano wa pedeli wa 6 kwa 1, yaani pedeli inazidisha nguvu ya mguu mara 6. Ukiwa na busta shuka hadi 4 kwa 1, la sivyo gari litashika ghafla kwa kuguswa tu.

Sogeza kamera hapa, tafadhali. Kati ya rodi ya busta na pistoni ya master silinda iachwe nusu milimita. Bandika kipande cha plastisini, zile za watoto, fungia silinda, fungua, pima unene wake. Ikikosekana nafasi, mafuta hayarudi kwenye tangi dogo. Dramu zikipata moto mafuta yanatanuka na breki zinajishika zenyewe, na fundi analaumu wili silinda. Nafasi ikizidi, mguu unazama kabla breki haijaanza.

Nati za bomba nazo ni mtego. Toyota ni M10 ya 1.0, za milimita, Land Rover nyingi za zamani ni UNF 3/8, za inchi. Ukizishika mkononi zinafanana, na mizunguko miwili ya kwanza inaingia. Ya tatu unatumia spana, umeshaharibu nyuzi za silinda. Kata bomba, weka nati ya M10, kunja mdomo upya mara mbili. Na mpira wa vakyumu uwe wenye nyuzi ndani, siyo wa bomba la maji, ule unajibana.

Toa upepo kwenye master silinda ikiwa mezani, kisha tairi la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mafuta ya breki yawe DOT 4 ya chupa mpya. Oili ya usukani usiikaribishe hata tone, inavimbisha mipira yote.

Halafu jaribu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano hadi pedeli iwe ngumu, ishikilie, washa. Ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Zima, subiri dakika 5, kanyaga. Ya kwanza iwe laini, ya pili ngumu zaidi. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza, valvu ya upande mmoja inavujisha, na injini ikikuzimikia ukishuka kilima cha Isamilo hapa Mwanza hutakuwa na ile akiba ya kukanyaga mara mbili tatu. Anzia kwenye tambarare, siyo kilimani.

Na nyinyi mnaorudisha trela la mtumbwi ndani ya maji: dramu inajaa maji na mchanga, na busta haikaushi shuu. Ukitoka, tembea taratibu ukikanyaga kidogo kidogo hadi ishike, ndipo uingie barabarani.