Dabeli ya Mikindani, nendeni mapema

Jamani kama upo Mtwara mjini panda gari ya Mikindani, kuna kimgahawa pale karibu na zile nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga, wiki hii nimeenda mara tatu. Wanauza dabeli: kimkate laini kinapasuliwa kinajazwa viazi vya kuponda vyenye viungo, ukwaju na komamanga, kisha kinapashwa na siagi kwenye chuma mpaka pembeni kinakauka. Kule India kwenye asili yake wanaweka karanga za pilipili, hapa wameweka korosho zetu na mi naona ndo imekuwa tamu zaidi, ukitafuna inavunjika katikati ya viazi halafu ukwaju unakuja nyuma.

Nikamuuliza mzee wa kaunta, hii asili yake wapi babu? Akasema Mandvi, mwanangu, mji wa bandari huko Kutch, hiyo wazee wa pwani wanaita Kachi, jimbo la Gujarat nchini India, mpaka leo wanaunda majahazi ya mbao. Akachovya kidole kwenye chai akanichorea mezani: kusini bahari, kaskazini Rann, jangwa la chumvi ambalo masika yao linajaa maji likikauka linabaki jeupe. Kutch ni wilaya moja tu lakini inapita kilomita za mraba 45,000, kubwa kuliko zote India, wakati mkoa wetu mzima wa Mtwara ni kama 16,700! Mkuu wake anaitwa Collector anakaa Bhuj, na chini kuna taluka 10, yaani sehemu ndogo za wilaya, Mandvi ni mojawapo. Zamani walikuwa na mfalme wao, wakaingia India, 1956 wakaunganishwa na jimbo la Bombay, 1960 ndo Gujarat ikazaliwa. Jairam Shivji aliyekodi kwa Sultani wa Zanzibar kazi ya kukusanya ushuru wa forodha karne ya 19 alitokea hukohuko, Mundra. Mzee alipofika kwenye tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 akanyamaza kidogo, Bhuj ilianguka vibaya na watu karibu 20,000 walikufa, akafuta ile ramani kwa kitambaa taratibu.

Kasoro ni mkate. Unaletwa asubuhi, jioni umeshakuwa mkavu na siagi haisaidii, juzi nimefika saa kumi na mbili nikapewa wa hivyo na bei ileile, sikupenda na nilimwambia yule mzee. Akanirudishia hela yangu yote bila maneno. Saa tano asubuhi ndo muda wake, na chai ya tangawizi usiache.