Ford Police Interceptor Utility: gharama kubwa huanza baada ya kununua

Tangu Ford Crown Victoria, sedani iliyokuwa gari la doria lililozoeleka, ilipoacha kuundwa mwaka 2011, idara nyingi za polisi nchini Marekani zimehamia kwenye Ford Police Interceptor Utility, ambayo ni SUV ya Explorer inayoundwa Chicago mahususi kwa kazi ya doria. Tathmini hii inahusu toleo lililoanza mwaka 2020.

Gari lenyewe limefikiriwa vizuri. Kingo za kiti cha dereva zimepunguzwa ili mkanda wenye bastola na pingu usimbane askari kiunoni, na ndani ya mgongo wa kiti kuna bamba la chuma la kumkinga na kisu cha mtuhumiwa aliyeketi nyuma. Injini ninayoipendekeza ni ya haibridi, yaani ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, V6 ya lita 3.3, kwa kuwa gari la doria hutumia muda mwingi likiwa limesimama huku redio, kompyuta na vimulimuli vikiendelea kula umeme. Katika haibridi mzigo huo hubebwa na betri, na injini huwaka pale tu chaji inapopungua. Kipimo rasmi cha maili 24 kwa galoni, yaani takribani kilomita 10 kwa lita, hakiuonyeshi unafuu huo.

Tatizo liko kwenye manunuzi. Kizuizi cha mahabusu, bampa la kusukumia, kishikizo cha kompyuta na kabati la bunduki mara nyingi hulipiwa kando na bei ya gari, pengine kwa ruzuku ya serikali kuu au kwa fedha ambazo polisi wamezitaifisha kwa watuhumiwa, ambazo wakati mwingine huchukuliwa hata kabla mwenyewe hajatiwa hatiani. Kisha huja fundi na keekee yake kutoboa bodi ili avifunge vifaa hivyo, na tundu lisilozibwa ni hatari. Julai 2017, polisi wa Austin, Texas, waliondoa barabarani takribani magari 400 ya toleo lililotangulia kwa hofu ya kaboni monoksidi, gesi yenye sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, na Ford ikaeleza kuwa katika baadhi ya magari iliyoyakagua ilikuta matundu yasiyozibwa nyuma ya bodi, ambayo yangeweza kupitisha moshi hadi ndani.

Kwa hiyo ningeishauri idara inayonunua sasa ilipie kifurushi cha kiwandani chenye taa, king'ora na nyaya zilizokwisha kupitishwa, hata kama bei ya zabuni itaonekana kuwa juu. Na ikilazimu fundi wa nje atoboe bodi, mkataba umbebeshe yeye dhamana ya kila tundu.