Spika gani kwa chumba cha kumi kwa kumi?

Haya wadau, karibuni. Leo nipo chumbani kwangu, kumi kwa kumi kama vyumba vingi vya kupanga hapa Dar. Kuta za tofali, chini vigae. Ngoja nipige kofi. Mmeusikia ule mlio unaobaki hewani? Basi huyo ndiye adui yetu wa kwanza, na zulia linamtuliza kiasi.

Adui wa pili ni besi, na huyu zulia halimgusi. Spika zangu za kwanza muuzaji aliniambia, "Kaka, beba hizi za inchi nane, utanikumbuka." Kweli nilimkumbuka. Niliweka zilipendwa nikaona mpiga besi ana noti moja tu! Kumbe kosa si lake. Futi kumi ni mita tatu na kidogo, na urefu huo hukuza sauti ya kama hezi 56 (hezi ni kipimo cha sauti, zikiwa chache sauti ni nzito zaidi). Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 55. Akiugusa tu, chumba kinaitikia vuuum. Na changu ni mraba, kwa hiyo urefu na upana vinaitikia pamoja.

Sasa hapa nina spika za aina mbili, ELAC Debut 2.0 B5.2 na Q Acoustics 3020i. Kwenye karatasi ELAC inashuka hadi hezi 46, mwenzake anaishia 64. Dukani yeyote angechukua ELAC, na sebuleni kwa shemeji yangu, penye nafasi, ningeichukua hata mimi. Tundu lake la hewa liko mbele, halibanwi na ukuta. Ila msidanganyike, ukuta bado unaongeza besi, tundu liwe mbele au nyuma.

Humu ndani nabaki na 3020i. Kutoshuka sana ndiko kunakoniokoa, kwa sababu haikichokozi chumba pale kwenye 56. Tundu lake liko nyuma, lakini ndani ya boksi kuna hivi, tazameni, sponji. Unaisukuma tunduni kwa kidole gumba, hivi, mpaka iingie yote. Besi inapungua, ndiyo, lakini sasa unasikia vidole vya mpiga besi vikitembea kutoka noti hadi noti, na fidla ya taarab haifunikwi tena. Ubaya wake ni kina: sentimita 28, kabla hujahesabu waya na nafasi ya nyuma. Meza nyembamba haiwezi.

Amplifaya isiwape presha. Spika zote mbili ni omu 6, yaani ukinzani wake kwa umeme wa amplifaya ni sawa, na kutoka wati 30 kwenda 60 unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti. Ukikaa mita mbili, hizo 30 zinakutosha na jirani atagonga.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Stendi zangu ni matofali, mama mwenye nyumba anadhani naanza kujenga. Na kwenye kona usiziweke kabisa, hata kama ndipo penye soketi. Nunua waya mrefu.

Wale wa bongo fleva mnaotaka kiki, lile dundo la ngoma, ipige kifuani, chukueni ELAC, mimi sigombani na mtu. Vaeni hedifoni sasa. Besi ile ile, mara ya kwanza bila sponji, mara ya pili nimeziba. Naanza.