Sheria ndogo za barabarani: kutia viraka au kuandika upya?
Kubadili kifungu kimoja ni haraka. Mwaka 2021 Paris ilishusha kikomo cha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa katika mitaa yake mingi. Gari linalokwenda 50 huhitaji karibu mara tatu ya umbali wa breki wa lile linalokwenda 30, na uhai wa mtoto anayevuka haupaswi kungoja miaka ya vikao.

Kuandika upya huchukua muda na fedha. Hata hivyo mimi naegemea huko, kwani viraka vikizidi, kifungu kipya hugongana na cha zamani na faini hufutwa mahakamani. Skuta ya umeme, je, ni baiskeli au pikipiki? Sheria iliyotungwa kabla yake haijibu, na askari hubaki akikisia.