Kabla hujalipa nauli ya meli, uliza nani atakukabidhi gari

Malalamiko ninayoletewa na watu wanaozunguka dunia kwa gari yanafanana mno. Hakuna anayelia kwamba meli ilichelewa. Hilo kila mtu amekwishajiandaa nalo. Wanalia kwamba gari limefika salama, wanaliona kwa macho yao kupitia uzio wa bandari, lakini mtu wasiyemfahamu anadai fedha zinazokaribia nauli yote ya bahari kabla hajaliachia. "Si nilishalipa kila kitu?" Hapana, ulilipa nauli. Kule chini kabisa ya proforma, ile ankara ya makadirio, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, paliandikwa kwamba gharama za bandari ya kushukia hazimo.

Kwa hiyo sitakuchosha na siku za safari wala bei ya nauli. Hizo utazipata kwa barua pepe moja. Njia za kusafirisha gari kwa meli ninazipanga kwa swali moja tu: ukifika upande wa pili, gari liko mikononi mwa nani, na je, ulimchagua wewe?

Wakala wa upande wa pili

Unapokata nafasi kupitia wakala, mara nyingi zinatoka hati mbili za shehena, zile ambazo watu wa bandarini huziita BL. Ya kwanza inatolewa na kampuni ya meli, na jina la mpokeaji pale ni la wakala wa bandari ya kushukia. Ya pili anaitoa wakala wako mwenyewe, ina jina lako na nembo ya kupendeza, na ndiyo utakayokabidhiwa wewe. Nenda nayo kwenye ofisi ya kampuni ya meli uone. Watakuambia mwenye mzigo ni fulani, mtafute. Naye huyo fulani hana mkataba na wewe, hakukupa bei yoyote, na anajua fika kwamba huna pengine pa kwenda.

Hapo ndipo ada zinapoanza kuzaliana: ada ya hati ya kuachia mzigo, ada ya terminali, ada ya kufungua kontena, ada ya kuhamisha gari toka ghala hili hadi lile, ada ya utawala. Mimi nimewahi kupewa ankara yenye mstari ulioandikwa "huduma nyinginezo". Nilipouliza ni zipi, yule kijana wa kaunta aliigeuza karatasi upande wa nyuma, kana kwamba jibu lilikuwa huko. Hapakuwa na kitu. Nililipa hivyo hivyo, maana siku za bure za kuhifadhi gari bandarini zilikuwa zinakwisha, na siku hizo huhesabiwa tangu mzigo uliposhushwa. Wewe kuwa bado uko angani unalifuata si kazi yao.

Basi kabla ya kutoa hata senti, mtake wakala wako akujibu kwa maandishi. BL itatoka kwa kampuni ya meli au kwake? Mpokeaji ataandikwa nani? Nani hasa atanikabidhi gari kule, na orodha yake ya ada iko wapi? Siku za bure ni ngapi? Akijibu kwamba gharama za kule "zinategemea", zinategemea nini? Bandari zina viwango vyake vilivyochapishwa. Anayeshindwa kukutumia hata makadirio ama hajui kazi yake au anajua kupita kiasi.

Omba pia BL ya teleksi, ile ambayo gari linaachiwa kwa ujumbe kutoka ofisi ya upakiaji, bila kusubiri karatasi asilia. Nakala asilia kwa kawaida ni tatu, na kuzituma kutoka bara moja hadi jingine ni kujitafutia presha. Rasimu ya BL ikija, isome mara mbili. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na lile jina la katikati usilolipenda. Kisha hesabu namba ya chesisi tarakimu moja moja. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17 na haitumii I, O wala Q. Ukiona O humo, mtu amekosea sifuri, na forodha watakaoligundua kosa hilo hawatakuwa na haraka kama wewe.

Nafasi ya kwanza: Ro-Ro, kwa BL ya meli yenyewe

Gari linaendeshwa hadi ndani ya meli, linafungwa kwa mikanda, linaendeshwa nje. Hakuna kontena la kufungua, hakuna dhamana ya kontena, na mlolongo wa watu wanaoligusa ni mfupi. Kwa swali langu, hii inashinda.

Sifichi ninayempenda. Kwa kuvuka Atlantiki ya Kaskazini ni ACL, kampuni iliyo chini ya Grimaldi ya Italia. Meli zake Atlantic Star, Sail, Sea, Sky na Sun zinabeba kontena na magari kwa pamoja, na zinaunganisha Hamburg, Antwerp na Liverpool na bandari kama Halifax, New York na Baltimore. Ukiniuliza ushukie wapi, nitasema Halifax bila kupepesa. Wasafiri wengi hupita forodha pale wenyewe, bila kulipa mtu wa kliaringi, mradi gari liwe safi. Na safi maana yake safi: Kanada haitaki udongo wa nchi nyingine, kwa hiyo inama chini ya bodi uchokonoe matope kwenye matao ya matairi kabla mkaguzi hajainama yeye. Kwa Amerika Kusini, Grimaldi wenyewe huteremsha Montevideo, na Uruguay hulipatia gari la mgeni kibali cha mwaka mzima, jambo linalokupa nafasi ya kupumua.

Najua utakachosema: funguo unaacha na vitu vinaibiwa. Ni kweli. Toa redio, toa zana, weka ukuta wa mbao kati ya kiti cha dereva na nyumba ya nyuma, endelea na maisha. Mafuta yasizidi robo tangi, mtungi wa gesi uwe mtupu. Na kumbuka nauli ya Ro-Ro hupigwa kwa mita za ujazo, urefu mara upana mara kimo, kwa hiyo tairi la akiba lililoning'inia nyuma na ngazi yake vinalipiwa kama vile ni gari. Kinachoweza kufunguliwa, kifungue kabla ya kupimwa.

Nafasi ya pili: kontena zima

Faida yake ni kwamba unafunga mwenyewe na kuweka lakiri mwenyewe. Hasara yake ni lile suala la BL mbili, ambalo kwenye kontena ni la kawaida kabisa. Ukilimaliza hilo, kipimo kinachoua ndoto za watu ni mlango. Kontena la kawaida lina mlango wenye kimo cha mita 2.28 hivi, lile la futi 40 lenye kimo cha ziada linafika takribani 2.58. Land Cruiser yenye hema juu ya paa haipiti kwenye la kawaida. Utashusha hema, utatoa keria, utapunguza upepo wa matairi, na bado kuna mtu atasimama pembeni akisema "sentimita mbili tu".

Panama kwenda Kolombia ndipo kontena linapopanda hadi nafasi ya kwanza. Barabara inakufa Yaviza, na mbele yake ni msitu wa Darién, takribani kilomita 100 zisizo na barabara. Feri ya Colón hadi Cartagena ilianza 2014 na mwaka uliofuata ikaacha, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia "si kuna feri". Watu hutafuta mwenza, wanaingiza magari mawili kwenye kontena la futi 40 na kugawana gharama. Mchague mwenza kwa karatasi zake, si kwa ucheshi wake: kontena ni moja, na hati zake zikiwa na kasoro, gari lako nalo limelala. Polisi wa Panama hukagua namba za chesisi na injini kabla ya gari kuondoka, kwa hiyo safisha mahali zilipogongwa zisomeke. Na Cartagena nenda bandarini na suruali ndefu na viatu vya kufunika. Kuna watu wamerudishwa getini kwa sababu ya ndala.

Australia pia ni nchi ya kontena, na ya mswaki. Mbegu moja kwenye rejeta inatosha kukurudisha kwenye kuoshwa kwa gharama yako. Mizigo inayopakiwa melini katika nchi kadhaa kati ya Septemba 1 na Aprili 30 ina masharti ya ziada kwa sababu ya mdudu mmoja anayenuka ambaye hawamtaki nchini mwao. Panga tarehe zako kwa kumzunguka yeye.

Yaliyobaki

Jukwaa la wazi, kontena lisilo na kuta za pembeni wala paa, ni la malori yasiyoingia mlangoni. Kama Ro-Ro ipo kwenye njia hiyo, sioni sababu yake.

Kuchangia kontena na mizigo ya watu usiowajua ndiyo bei ya chini kuliko zote, na ndiyo inayoniletea barua nyingi kuliko zote. Nauli inakuwa ndogo hadi unajiuliza wanakula nini. Wanakula kule unakokwenda.

Bima

Bima nyingi za gari lililotumika ndani ya Ro-Ro hulipa likipotea zima tu. Mikwaruzo ni yako. Hata hivyo kata. Felicity Ace iliwaka moto karibu na visiwa vya Azores Februari 2022 ikiwa na magari takribani 4,000, ikazama Machi 1. Tena kuna hasara ya pamoja, kanuni ya zamani inayowataka wenye mizigo kuchangia gharama ya kuiokoa meli. Ever Given ilipokwama Suez mwaka 2021, mwenye meli aliitangaza, na wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa. Bila bima unaiweka wewe, taslimu, kwa gari ambalo halina hata mkwaruzo.

Halafu kuna hizi ada za nyongeza. Ya mafuta ya meli inapanda mafuta yakipanda, sawa, lakini yakishuka hanyanyuki mtu kuifuta. Ada ya usalama bandarini ilikuja na kanuni za ISPS, zile za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zilizoanza Julai 2004, na hadi leo tunailipia kama jambo jipya, mara nyingine pande zote mbili za bahari. Sipingi usalama. Ninapinga kuilipia halafu nikute gari halina jeki.

Jambo dogo ambalo hawakwambii: uliza ofisi ya kule inapokea malipo vipi. Nyingi hazitaki kadi. Zinataka fedha iingizwe benki na risiti iletwe kaunta, na Ijumaa benki inafungwa wakati wewe ndiyo kwanza unatoka forodhani na mhuri wako.